Maswali ya Wasomaji: Minara, Kibanda na Herufi ya Mwezini

Katika toleo lililopita tulijibu kwa aya moja swali kuhusu picha ya mwaka 1966 inayosemekana kuonyesha nguzo zilizosimama juu ya uso wa Mwezi. Tulisema kwamba zile si nguzo bali ni mawe yaliyopigwa na jua la pembeni, kisha tukaendelea na mambo mengine. Wasomaji hawakuridhika, na baada ya kuzisoma barua zao tunakiri kwamba wana haki, kwa sababu aya moja haitoshi kwa jambo lililobishaniwa kwa karibu miaka sitini. Safari hii, basi, safu yote tumeuachia Mwezi.

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya salamu naomba kulipinga jibu lenu. Picha ile ninayo na nimeitazama mara nyingi. Vivuli vyake ni virefu, vimechongoka kama minara, tena vimepangika kwa hesabu. Jiwe la mviringo linawezaje kutupa kivuli cha mnara? Nimesoma pia kwamba mtaalamu mmoja alivipima akakuta vinatengeneza pembetatu zilizo sawasawa. Naomba jibu, si kejeli. – Msomaji, Tanga.

JIBU: Kejeli hutaipata hapa. Tuanze na namna picha yenyewe ilivyopatikana, maana nusu ya jibu imo humo.

Ilipigwa tarehe 20 Novemba 1966 na chombo cha Marekani kiitwacho Lunar Orbiter 2, kikiwa kilomita 46 hivi juu ya Bahari ya Utulivu, ambayo licha ya jina lake ni uwanda mkavu wa lava iliyoganda zamani sana. Chombo hicho kilitumwa kutafuta mahali tambarare ambapo wanaanga wa Apollo, yaani safari za Marekani za kupeleka watu Mwezini, wangeweza kutua. Kilibeba filamu halisi, kikaisafisha chenyewe huko huko angani, kikaimulika ukanda kwa ukanda na kuituma duniani kwa mawimbi ya redio. Ndiyo maana picha zile zina michirizi kama dari ya mbao, kwa kuwa ni kanda nyembamba zilizopangwa ubavu kwa ubavu baada ya kupokelewa. Anayeitazama leo kwenye simu, tena nakala iliyotolewa katika nakala nyingine, anatazama kitu kilichopita mikono mingi kabla ya kufika kwake.

Jambo la pili ni kwamba kamera ilitazama kutoka juu, kwa hiyo haikuona kitu kilichosimama. Iliona alama ndogo inayong'aa na kivuli kando yake. Habari za kimo cha "mnara" zimekisiwa kutokana na kivuli hicho. Msomaji wetu anakaa pwani, na bila shaka amewahi kutembea ufukweni alfajiri jua linapochomoza baharini, akaona hata kaa mdogo anatupa kivuli kinachozidi kiganja cha mtu. Wakati picha ile inapigwa jua lilikuwa nyuzi 11 tu, au karibu na hapo, juu ya upeo wa Mwezi. Kwa pembe hiyo kivuli huwa zaidi ya mara tano ya kimo cha kitu, yaani jiwe la mita 10 hutupa kivuli cha mita 51 kwenye ardhi iliyo sawa. Ardhi ikiteremka nyuzi 5 tu kuelekea kule kivuli kinakoangukia, jiwe lile lile litatupa kivuli cha mita 94 hivi. Nyuzi tano ni mteremko ambao mtembea kwa miguu huuona mdogo, na ambao hauonekani kabisa kwa anayetazama moja kwa moja kutoka juu. Kwa hiyo anayekadiria kimo cha kitu kutokana na kivuli bila kujua ardhi imelala vipi anaweza kukosea kwa nusu nzima, na ndiyo sababu makadirio yaliyotolewa tangu wakati ule yametofautiana mno.

Kuhusu kuchongoka, hesabu ni hiyo hiyo. Chukua duara la kichwa cha jiwe, ulivute kwa upande mmoja mara tano au kumi, nawe utapata ncha. Hapa duniani hewa na vumbi hutawanya mwanga na kuvipunguzia vivuli weusi. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo kivuli ni cheusi tititi.

Mtaalamu unayemtaja ni William Blair, aliyekuwa mfanyakazi wa Boeing, kampuni iliyotengeneza vyombo vya Lunar Orbiter. Aliunganisha vinyanyuko vile kwa mistari akapata pembe mraba na pembetatu zenye pande mbili sawa, akatoa hoja kwamba mpangilio wa namna hiyo ukionekana duniani mtu angeenda kuchimba aone kilichopo. Mwenzake wa kampuni hiyo hiyo, Richard Shorthill, alimjibu kwamba mawe ya namna ile ni mengi sana Mwezini, na anayeyachagua kwa kubahatisha hatimaye hupata kundi linaloonekana kufuata mpango. Sisi tunaona Shorthill alikuwa na hoja yenye nguvu zaidi, nawe unaweza kuipima nyumbani. Mwaga kete saba za bao juu ya mkeka. Nukta saba zinatoa mistari 21 na pembetatu 35, na ukikubali kosa dogo la upimaji, kama ilivyo lazima katika picha yenye michirizi, ni ajabu usipopata hata moja iliyo karibu na pembe mraba. Ugumu unazidi pale nukta zinapochaguliwa baada ya picha kutazamwa, kwa kuwa yaliyoachwa nje ya mchoro hayahesabiwi.

Tangu mwaka 2009 chombo kingine cha Marekani, Lunar Reconnaissance Orbiter, kinauzunguka Mwezi kikiwa na kamera iliyoweza, kutoka kilomita 50, kuonyesha vitu kwa kipimo cha nusu mita kwa pikseli moja, yaani nukta moja ya picha. Jiwe la mita 10 kwake ni pikseli 20 kwa upana. Kamera hiyo imeonyesha hata njia za nyayo walizoacha wanaanga wa Apollo. Picha zake ziko wazi kwa umma bila malipo, nasi tungependa kila anayebisha kuhusu picha ya 1966 aanze kwa kuzitazama hizo.

SWALI: Nawasoma sana lakini mnanichosha. Kila kitu kwenu ni jiwe. Mwananchi akiona daraja mnasema ni jiwe, akiona nyumba mnasema ni jiwe, na lau Mwezini kungekuwa na duka la rejareja mngesema jiwe. Je, wanasayansi wenyewe hawajawahi kukosea katika picha hizi? – Msomaji, Nakuru.

JIBU: Wamekosea, tena waziwazi, na makosa yao yanafundisha kuliko barua nyingi tunazopokea.

Tarehe 7 Oktoba 1959 chombo cha Kisovieti Luna 3 kilipiga picha za kwanza za upande wa Mwezi usioonekana kutoka duniani. Zilikuwa picha 29, hafifu na zenye ukungu, lakini dunia nzima ilizitazama kwa mshangao. Katika picha hizo wanasayansi wa Moscow waliona mstari mweupe mrefu wakaamua kwamba ni safu ya milima, wakaipa jina la Milima ya Kisovieti na kuiingiza katika ramani. Picha bora zilipopatikana baadaye, milima ile haikuwepo. Kilichoonekana kilikuwa mwale wa vumbi jeupe, wa namna inayorushwa na kimondo kinapogonga ardhi, na jina likafutwa. Zingatia kwamba jua lilikuwa likimulika eneo lile karibu wima, kwa hiyo hapakuwa na vivuli vya kupima mwinuko. Picha ya Bahari ya Utulivu ilipotosha watu kwa wingi wa vivuli, na hii kwa ukosefu wake.

Miaka sita kabla ya hapo, mwezi Julai 1953, mhariri wa sayansi wa gazeti la New York Herald Tribune, John O'Neill, aliona kwa darubini kitu alichokiita daraja la asili pembeni mwa Bahari ya Taabu, ambayo katika vitabu vya Kilatini huitwa Mare Crisium. Mchoraji ramani mashuhuri wa Mwezi huko Uingereza, H. P. Wilkins, alimuunga mkono. Daraja halikuonekana tena katika picha za vyombo vilivyofuata. Miamba miwili inayokabiliana na mwanga uliopita katikati yake kwa saa chache ndiyo iliyolijenga.

Hatutaki, hata hivyo, uyafuate majibu yetu kwa sababu tu hatimaye kila kitu kilikuwa jiwe. Yatazame kwa namna yalivyofikiwa, na kwa hilo mfano tunaoupenda zaidi ni wa kibanda cha Wachina. Kigari cha Yutu-2, kilichotua na chombo cha Chang'e 4 tarehe 3 Januari 2019 katika kreta (shimo lililochimbwa na kimondo) ya Von Kármán upande wa mbali wa Mwezi, kilipiga picha mwishoni mwa mwaka 2021 iliyoonyesha kitu chenye umbo la mchemraba kwenye upeo, umbali wa mita 80 hivi. Kikaitwa "kibanda cha ajabu", na magazeti ya nchi nyingi yakasherehekea. Waendesha kigari walikielekeza kule, wakasubiri usiku wa Mwezi, ambao ni majuma mawili ya kwetu, upite, na mwanzoni mwa Januari 2022 wakafika karibu. Kilikuwa jiwe dogo, dogo kiasi cha kuchekesha, ambalo kwa mbele lilifanana na sungura aliyejikunyata. Jina Yutu lenyewe ni la sungura wa hadithi za Kichina anayeishi Mwezini, kwa hiyo waliona ni heri wampe jiwe jina hilo hilo. Sisi tuliolelewa na hadithi za Sungura mjanja tunaruhusiwa kutabasamu.

Kwa nini jiwe dogo lilionekana kama nyumba? Hapa duniani macho yetu hukadiria umbali kwa ukungu wa hewa, kwa miti, kwa ng'ombe, kwa mlango wa nyumba ambao tunajua ukubwa wake. Mwezini hakuna hata kimoja. Waliokwenda wenyewe walidanganyika pia, na wakati mwingine kwa upande wa pili. Mwezi Februari 1971 Alan Shepard na Edgar Mitchell wa Apollo 14 walipanda mlima kuutafuta ukingo wa kreta ya Cone, wakachoka, wakarudi bila kuuona, na baadaye ramani zikaonyesha kwamba walikuwa wamebakisha mita 30 tu au karibu na hapo. Mwaka 1972 wenzao wa Apollo 16 waliona jiwe ambalo kwa mbali lilikuwa la kawaida, wakaliendea, wakaliendea tena, na walipolifikia likawa kubwa kuliko nyumba; mpaka leo linaitwa Mwamba wa Nyumba.

Wanaotafuta mwezi mwandamo hawapokei tu kauli ya mtu kwamba ameuona. Humuuliza alisimama wapi, pembe zake zilielekea upande gani, na nani mwingine aliuona. Picha ya Mwezini nayo ni shahidi wa aina hiyo, na kinachoamua ni kupatikana kwa shahidi wa pili, yaani picha ya mahali pale pale iliyopigwa jua likiwa pembe nyingine au kamera ikiwa karibu zaidi. Daraja la O'Neill, Milima ya Kisovieti na kibanda cha Yutu-2 vyote vilianguka kwa sababu hiyo. Msomaji wa Nakuru akituletea jengo ambalo limesimama katika picha mbili za namna hiyo, neno jiwe hatutalitumia.

SWALI: Mwanangu amenionyesha picha ya wanaanga yenye jiwe lililoandikwa herufi C, kana kwamba ni pambo la jukwaani lililopewa alama ili liwekwe mahali pake. Mbona hamjaizungumzia? – Mzazi, Morogoro.

JIBU: Picha hiyo ni ya Apollo 16, ya Aprili 1972, na herufi ile haimo katika filamu ya asili. Imo katika nakala moja iliyochapwa kwenye karatasi, ambako uzi mwembamba au unywele uliangukia karatasi wakati wa kuchapa ukaacha mchoro uliojikunja. Aliyewahi kufanya kazi katika chumba cha giza cha studio atakuambia kwamba huo ni msiba wa kila siku. Mwanao alikuwa na haki kuuliza. Aitafutie tu C yake nakala iliyotolewa upya kutoka kwenye filamu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nikikuza picha za Mwezi kwenye simu naona mistari iliyonyooka kama barabara, na vitu vya mviringo vilivyovimba kama mapaa ya majumba ya ibada. Jiwe haliwezi kuwa barabara. Je, ni nini? – Mwanafunzi, Iringa.

JIBU: Hapo una mambo mawili tofauti.

Yale mapaa yaliyovimba yana uwezekano mkubwa wa kuwa mashimo. Ubongo wetu umezoea mwanga unaotoka juu, kwa sababu jua na taa viko juu yetu, na ukikuta picha ambayo mwanga wake umetoka chini ya karatasi unageuza shimo kuwa kilima bila kukuuliza. Igeuze simu juu chini, nawe utaona majumba yote yanadidimia mara moja. Tulipoionyesha hila hii ofisini, mwenzetu mmoja aliigeuza simu mara sita mfululizo akidhani tunamfanyia kiini macho.

Mistari iliyonyooka inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa mingine ni halisi. Upo ukingo wa mwamba uitwao Rupes Recta, wenye urefu wa kilomita 110 hivi, ambao kwa darubini ndogo huonekana kama ukuta uliojengwa kwa rula, ingawa ni mahali ambapo ardhi imepasuka na upande mmoja kushuka. Lakini mistari unayoiona baada ya kukuza sana mara nyingi imezaliwa ndani ya faili. Picha ikibanwa ili iwe nyepesi kutumwa, programu huigawa katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na ukiikuza, mipaka ya miraba hiyo huanza kuonekana kama kuta na mitaa. Ramani za Mwezi nazo hushonwa kutokana na picha nyingi zilizopigwa siku mbalimbali, na pale zinapokutana hubaki mshono ulionyooka kabisa. Dalili ya kukusaidia ni kwamba barabara hiyo ikifuata upande wa picha, wima au mlalo bila kuyumba, basi umeikuta kwenye picha na si kwenye Mwezi.

Simu zenyewe pia zinahitaji kushukiwa. Mwaka 2023 mtumiaji mmoja wa intaneti alichukua picha ya Mwezi, akaififisha kwa makusudi hadi maelezo yote yakapotea, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta katika chumba chenye giza na kuipiga picha kwa simu ya kisasa. Simu ilimrudishia Mwezi wenye kreta na mabonde ambayo hayakuwemo katika picha ile hafifu. Akili mnemba ya simu ilikuwa imeutambua Mwezi ikaujazia yaliyopungua. Kwa picha ya harusi hilo linaweza kuvumilika, lakini kwa anayechunguza kama kuna barabara Mwezini, picha ya namna hiyo haina thamani yoyote.

SWALI: Assalamu alaikum. Baada ya kuyaondoa yote hayo, je, kimebaki chochote katika picha za Mwezi ambacho nanyi mnakiona cha ajabu? – Msomaji, Muscat.

JIBU: Wa alaikumu salaam. Vimebaki, na vinatushangaza zaidi ya minara.

Katika Bahari ile ile ya Utulivu lipo shimo lenye upana wa mita 100 hivi ambalo kuta zake zimekatika wima kama za kisima. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba pembe zake zenye kivuli cha kudumu hukaa karibu na nyuzi joto 17, ilhali ardhi ya nje huungua kwa zaidi ya nyuzi 100 mchana na kuganda vibaya usiku. Mwaka 2024 wanasayansi waliozichambua upya data za rada zilizokusanywa na Lunar Reconnaissance Orbiter mwaka 2010 walieleza kwamba chini ya shimo hilo pana pango linaloendelea pembeni, ambalo huenda ni mfereji uliochongwa na lava. Wanaotafuta makazi Mwezini, basi, mahali pa kutazama wanapo.

Lakini tukiambiwa tuchague kimoja, tungechagua Ina. Kiligunduliwa katika picha zilizopigwa kutoka juu na Apollo 15 mwaka 1971. Ni kibonde chenye umbo la herufi D, upana wa kilomita mbili na urefu wa kilomita tatu hivi, kina cha makumi machache ya mita, na ndani yake mna vilima laini vinavyofanana na matone ya zebaki juu ya sakafu iliyochakaa. Ina haina mjenzi, na hakuna mtaalamu anayedai hivyo. Ubishi ni juu ya umri wake. Mwaka 2014 kundi moja la watafiti, kwa kuhesabu kreta ndogo katika picha, lilitoa hoja kwamba lava ya pale ina umri wa miaka milioni 33 tu, jambo ambalo likiwa kweli litawalazimisha kuandika upya historia ya joto la Mwezi, kwa kuwa volkano zake zilidhaniwa kuzimika kitambo sana kabla ya hapo. Kundi jingine lilijibu mwaka 2017 kwamba lava ile iliganda ikiwa na mapovu mengi kama mkate wa kumimina, kwa hiyo vimondo vinavyoigonga huacha alama ndogo na kuifanya ionekane changa, ilhali umri wake halisi ni miaka bilioni 3.5. Wote wanatazama picha zile zile, wote ni wajuzi wa kazi yao, na tofauti ya majibu yao ni zaidi ya mara mia moja. Jiwe moja kutoka Ina, likiletwa maabara, lingewatosha.